Fungueni Geti, Watoto Waone Tumbo la Ng'ombe

Mwaka 1909, shamba la mafunzo la Chuo Kikuu cha California pale Davis lilikamilisha banda jipya la ng'ombe wa maziwa. Wenye shamba wakawaalika majirani waje walitazame, na watu wapatao 2,000 wakafika na vyakula vyao. Mwaliko ule wa kuangalia banda umekuwa desturi ya kila mwaka, Picnic Day, na moja ya foleni zake maarufu ni ya watoto wanaosubiri kuingiza mkono ndani ya tumbo la ng'ombe aliye hai. Ng'ombe huyo alikwisha kufanyiwa upasuaji kwa ganzi: ubavuni kushoto ana tundu lenye pete ya mpira na kizibo. Kizibo kikitolewa, mtoto anavaa glavu inayofika begani na kuzamisha mkono. Mle ndani kuna joto kushinda mwili wake mwenyewe, majani yaliyolowa yanabanwa na kuachiwa kila tumbo linapojikunja, na harufu ni ya nyasi zilizochachuka. Ng'ombe mwenyewe anaendelea kutafuna.

Msomaji anaweza kuona kwamba huo ni mchezo wa watu walioshiba na wenye muda wa kupoteza. Mimi nadai kinyume chake. Siku ya milango wazi katika chuo cha tiba ya mifugo, ikialika familia nzima, ni sehemu ya tiba yenyewe, na sisi wa Afrika Mashariki tunaihitaji kuliko watu wa Davis. Tanzania peke yake ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ni nadra kukuta mtaa usio na kuku, mbuzi au mbwa. Vyuo tunavyo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kitivo cha Kabete jijini Nairobi, Makerere kule Kampala, na kampasi za mafunzo ya mifugo kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Lakini kwa familia nyingi chuo cha namna hii ni geti linalopitwa na daladala. Anayeingia ni mwanafunzi, mtumishi, au mtu mwenye mnyama mahututi. Mtu mzima wa afya, mwenye mke, watoto na bibi yao, haoni kilicho chake mle ndani.

Ushahidi kwamba kipo uko wodini. Mjini Moshi, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kati ya mwaka 2007 na 2008. Waliopokelewa kwa maelezo kwamba wana malaria walikuwa 528. Maabara ilipofanya kazi yake kwa utulivu, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Na kati ya wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, ile iliyovuma mwaka 2022 ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi, homa ya Q, homa inayoletwa na kupe, na brusela. Magonjwa hayo hayakuwamo hata katika orodha ya yale ambayo madaktari waliyashuku wakati wa kuwapokea wagonjwa.

Tusiwalaumu madaktari kabla ya kujiuliza wagonjwa waliwaambia nini. Brusela humpata mtu kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumsaidia ng'ombe aliyetupa mimba akiwa mikono mitupu. Mgonjwa akifika hospitali anaeleza homa, jasho la usiku na viungo vinavyouma. Ndama aliyezaliwa mfu mwezi uliopita hamtaji, kwa sababu kichwani mwake hiyo ni habari ya zizini na hii ni habari ya hospitali. Mama aliyewahi kuelezwa, mbele ya ng'ombe, kwamba mimba iliyotupwa na homa ya mumewe zinaweza kuwa habari moja, ataitaja bila kuulizwa. Sentensi yake moja inaweza kumwelekeza daktari kwenye kipimo ambacho hakukifikiria.

Hapa ndipo neno familia linapobeba uzito. Ofisa mifugo akifika kijijini huulizia mwenye mifugo, na anayejitokeza mara nyingi ni baba. Baba ndiye anayeuza na kununua. Lakini katika kaya nyingi anayekamua ni mama, anayeamua maziwa yachemke au yasichemke ni mama au bibi, anayechunga mbuzi ni mtoto, na anayelala chumba kimoja na vifaranga ni mtoto vilevile. Tukimfundisha baba peke yake, tumemfundisha mtu aliye mbali na sufuria. Elimu ya mifugo inayomwendea mwenye mali na kumwacha mwenye kazi inapotelea njiani, hata kama mtoaji wake ni bingwa.

Kichaa cha mbwa kinaonyesha jambo hili waziwazi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kutoka penye jeraha hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Katika muda huo, kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi chanjo hospitali, huokoa maisha. Dalili zikishatokea, hakuna hospitali duniani yenye dawa ya kutegemewa. Sasa fikiria ni nani anayejua kwanza kwamba mtoto kang'atwa. Ni mtoto mwenyewe, na mara nyingi anaficha kwa kuogopa fimbo, hasa kama alikuwa anamchokoza mbwa wa jirani. Elimu ya dakika 15 inatakiwa iwe kichwani mwa mtoto wa miaka minane, na mzazi awe ameisikia pamoja naye, ili siku ile mmoja asiogope kusema na mwingine asianze kwa kugomba.

Yapo wanayoyajua walimu wa mifugo ambayo redio haiwezi kuyafikisha, kwa kuwa yanaingia kwa macho na mikono. Mwambie mtoto mara 10 asitupe mifuko ya plastiki ovyo. Kisha mwonyeshe, juu ya meza, bonge la plastiki lililotolewa kwenye tumbo la mbuzi wa mjini, limesukwa kama kamba na kufunga njia ya chakula. Rwanda, Kenya na Tanzania zimepiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria, lakini lile bonge linaeleza sababu ya sheria bila polisi. Katika vyuo kadhaa vya Marekani watoto huja na midoli yao iliyochanika, na wanafunzi waliovaa makoti ya upasuaji huishona mbele yao, wakieleza kwa nini mikono imeoshwa na kwa nini sindano haitumiki mara mbili. Morogoro ina hazina isiyopatikana Davis: panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Panya wa namna hiyo hupekua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa takriban nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma siku nne. Mtoto aliyemwona panya akilipwa kipande cha ndizi kwa kazi hiyo hasahau kwamba mnyama na afya ya binadamu vina uhusiano.

Wapo watakaosema haya yote tunayo tayari katika maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, na hoja yao ina uzito. Viwanja vya Nane Nane huleta ng'ombe, trekta na wataalamu mahali pamoja, na familia huenda kwa wingi. Tofauti ni kwamba maonyesho huonyesha kilichofaulu. Fahali wa maonyesho ameogeshwa, ana afya, na kando yake yupo mtu mwenye kitu cha kuuza. Chuo kina kile ambacho banda la maonyesho halithubutu kukileta: maabara yenye hadubini ambamo vimelea vya ndigana vinaonekana ndani ya chembe za damu, chumba cha upasuaji, mifupa ya farasi iliyounganishwa upya, na mwalimu asiyeuza chochote anayeweza kukwambia dawa uliyouziwa dukani haikufaa. Nane Nane inafaa kubaki soko la mbinu. Chuo kinaonyesha ugonjwa na namna ya kuujua.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye taaluma wenyewe: umati wa watu huwachosha wanyama, na unaweza kuleta ugonjwa zizini au kuondoka nao. Huu si woga wa bure. Mwaka 2009 katika shamba la Godstone, kusini mwa Uingereza, lililokuwa likipokea watoto kuja kushika wanyama, watu 93 waliambukizwa bakteria hatari aina ya E. koli O157, wengi wao watoto wadogo, na baadhi wakaharibikiwa figo. Lakini tazama funzo lililotolewa baada ya mkasa ule: watu watenganishwe na kinyesi, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwani jeli ya kupaka haitoshi penye uchafu. Ndizo kanuni zilezile tunazotaka kaya zetu zizishike kila siku. Bomba la maji penye mlango wa kutokea, dawa ya kukanyagia viatu penye mlango wa kuingilia, zamu fupi kwa kila mnyama, na mnyama mgonjwa kutoonyeshwa kabisa: chuo kisichoweza kuyasimamia hayo kwa siku moja kitawaombaje wafugaji wayasimamie mwaka mzima? Na mgeni akiuliza kwa nini amezuiwa kumgusa ndama fulani, jibu atakalopewa ni somo kamili la karantini.

Wengine watauliza kuhusu fedha: kwa nini gharama ya siku hiyo isinunue chanjo? Swali hili lingekuwa na nguvu kama chanjo ingetembea yenyewe. Sotoka, tauni iliyomaliza ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo iliyofungua njia ilitengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya. Lakini kila chupa ya chanjo hiyo ilihitaji mtu aliyekubali kumleta ng'ombe wake achomwe. Ni hivyohivyo kwa mbwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea, na kwenye vituo vya chanjo vijijini, wanaowaleta mbwa kwa kamba za katani mara nyingi ni watoto. Chanjo bila watu wanaoielewa hubaki kwenye jokofu. Isitoshe, siku ya milango wazi ni rahisi: majengo yapo, wanyama wapo, na wanafunzi wanaohitaji kujizoeza kuzungumza na wafugaji kwa lugha isiyo ya mtihani wapo pia.

Kuna pia wasiwasi wa dini kuhusu mbwa, nao usipuuzwe, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi kwa Waislamu wengi wa pwani. Lakini kumchanja mbwa si kumfuga chumbani. Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, ilikitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo, ugonjwa ukarudi mwaka 2016, na kampeni zikaufukuza tena kufikia mwaka 2018. Kama jambo hilo limewezekana Pemba, hakuna mji wa bara wenye udhuru. Chuo chenye busara kitaweka mbwa upande wake, na maji ya kutosha karibu, kila familia ichague itasogea umbali gani.

Sidai kwamba siku moja itaziba pengo la madaktari wa mifugo, wala kwamba mtoto aliyeshonewa mdoli ataacha kuugua. Wala hakuna haja ya kubuni tarehe: Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani huangukia Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Chuo kichague mojawapo, kitangaze misikitini, makanisani na shuleni kwamba mwaliko ni wa nyumba nzima, na kisijipime kwa idadi ya waliopita getini. Kijipime wiki zinazofuata, kwa mambo madogo yasiyopigwa picha: maziwa yaliyoachwa jikoni mpaka yachemke ingawa watoto wana haraka ya shule, na mtoto anayeingia ndani na jeraha mguuni, akasema mwenyewe, "Mama, mbwa kaniuma," na mama akanyoosha mkono kuchukua sabuni kabla ya fimbo.