Kenya: Mwalimu wa Timu na Hukumu ya Mashabiki

Katika nchi jirani ya Kenya klabu ya kandanda ya Gor Mahia ina desturi inayofahamika sana kwa askari wa Nairobi wanaopangiwa zamu uwanjani. Timu ikishinda, mashabiki waliovaa kijani huimba na kucheza mpaka katikati ya jiji. Timu ikitoka sare mara mbili mfululizo, watu walewale husimama nje ya lango na kuulizana swali moja: mwalimu aondoke au abaki?

Wapenzi wa klabu hiyo hawalichukulii swali hilo kuwa dogo, nao wana sababu. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968. Mwaka 1976 ilimaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na sare ya 1-1 mjini Nairobi, ikabeba kombe kwa faida ya magoli ya ugenini. Hakuna timu nyingine ya wanaume ya Kenya iliyokwisha kutwaa kombe la bara. Basi shabiki wa Gor Mahia haipimi timu yake kwa mchezo wa Jumapili iliyopita. Huipima kwa mwaka 1987, na kwa kipimo hicho ni walimu wachache mno wanaoweza kusalimika.

Hoja za pande mbili zinajulikana. Wanaotaka mwalimu aondoke husema kwamba wachezaji ni walewale walioshinda mwaka jana, kwa hiyo kilichoharibika ni mafunzo na upangaji wa timu. Husema pia kwamba hawezi kufukuzwa mchezaji mmoja mmoja hadi ishirini na watano waishe, bali mtu mmoja huweza kuondolewa kwa barua moja. Wanaotaka abaki hujibu kwamba timu haijengwi kwa miezi mitatu, na kwamba mwalimu mpya huja na mfumo wake, akawaacha nje wachezaji wa mwenzake, na kazi ikaanza upya. Mabishano hayo huendelea katika vituo vya matatu na vibanda vya chai, kutoka Nairobi mpaka Kisumu, na kila upande una mifano yake.

Lakini kumbukumbu za klabu yenyewe zinaonyesha jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Tangu msimu wa 2013 hadi ule wa 2023/24, Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa Kenya mara 9 katika misimu 12. Mara 3 zilizobaki bingwa alikuwa Tusker. Bobby Williamson, Mskochi, aliipa taji la 2013, la kwanza tangu 1995, kisha mwaka uliofuata akaenda kuifundisha timu ya taifa ya Kenya. Frank Nuttall, naye Mskochi, alimaliza ligi ya 2015 bila kufungwa. Miezi michache baadaye hakuwapo. José Marcelo Ferreira wa Brazil alikwenda Albania katikati ya mwaka 2017. Dylan Kerr alitwaa mataji ya 2017 na 2018, akahamia Afrika Kusini. Hassan Oktay alitwaa taji la 2019 na kuondoka kabla msimu mpya haujashika kasi. Steven Polack alikuwa mwalimu ligi iliposimamishwa kwa sababu ya korona mwaka 2020 na Gor Mahia ikatangazwa bingwa. Mwaka haukwisha naye akaaga. Johnathan McKinstry aliipa klabu mataji mawili mfululizo, 2023 na 2024, akachukuliwa na timu ya taifa ya Gambia.

Hao si watu waliofukuzwa kwa kelele za mashabiki. Wengi wao waliondoka kombe likiwa mkononi. Mara nyingi, wakati mashabiki wanabishana langoni kama mwalimu afukuzwe, mwalimu mwenyewe alikuwa akifunga mizigo.

Sababu hazikuwa zile zile kwa kila mtu, na wengine walitaja mambo ya familia. Hata hivyo hali ya fedha haiwezi kuachwa pembeni. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa mfadhili wa Gor Mahia na wa mpinzani wake AFC Leopards, ilisitisha ufadhili huo kutokana na mgogoro wa leseni yake na serikali ya Kenya. Klabu mbili kubwa zilijikuta hazina mishahara. Wachezaji walikaa miezi bila malipo, na mazoezi yakagomewa. Kabla ya mwaka huo kumalizika, mwalimu wa AFC Leopards, Mnyarwanda André Casa Mbungo, aliacha kazi kwa sababu hakulipwa. Wakati huo mtu angewezaje kuuliza kama mwalimu anastahili kuondoka, bila kuuliza kwanza kama analipwa?

Msikilizaji aliye kambini huenda akaliona jambo hili upesi kuliko raia. Kikosi kikishindwa kutembea, huulizwa kwanza viatu viko wapi, na swali hilo hupelekwa bohari kabla ya kupelekwa kwa mkuu wa kikosi. Katika klabu za wanachama, bohari ni ofisi ya viongozi waliochaguliwa, na ofisi hiyo haina desturi ya kukaa kwenye benchi ambako shabiki anaweza kuiona na kuizomea. Mwalimu yuko mbele ya macho ya watu dakika 90. Yeye ni mgeni, hana kura katika mkutano mkuu, na hana ukoo mjini wa kumtetea. Viongozi waliobanwa wanajua kwamba kumtoa mtu huyo hutuliza uwanja kwa wiki kadhaa.

Kumtoa kuna gharama, tena gharama hiyo haionekani siku ya kufukuza. Mwalimu mwenye mkataba, hasa wa kutoka nje, asipolipwa haki yake ana njia ya kupeleka madai kwenye shirikisho la kandanda la dunia, FIFA. Uamuzi ukitolewa na klabu isilipe, huzuiwa kusajili wachezaji mpaka deni liishe. AFC Leopards na Gor Mahia zote zimekwisha kuonja adhabu hiyo. Ndipo mwalimu mpya, aliyeitwa kuokoa jahazi, hukuta hawezi kuongeza hata mlinzi mmoja, kwa sababu ya deni la yule aliyetangulia. Baada ya miezi michache mashabiki hukusanyika tena langoni, safari hii wakimtaka huyu mpya.

Kisa cha Roberto Oliveira Gonçalves, anayeitwa Robertinho, kinafaa kuelezwa kwa kuwa Watanzania wanamfahamu. Mbrazil huyo aliajiriwa na Gor Mahia mwaka 2020 akiwa amekwisha kuipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda. Shirikisho la kandanda la Afrika likakataa akae kwenye benchi katika mashindano yake, kwa sababu cheti chake hakikutosheleza masharti. Desemba mwaka huo Gor Mahia ilifungwa 6-0 mjini Algiers na CR Belouizdad. Mwalimu alilaumiwa, lakini aliyepaswa kukagua cheti kabla ya kutia sahihi mkataba hakuwa mwalimu. Robertinho alikwenda Uganda, kisha Simba ya Dar es Salaam. Huko aliondolewa siku chache tu baada ya Yanga kushinda 5-1 tarehe 5 Novemba 2023.

Polisi nao wana sehemu katika habari hii. Machi 2012 pambano la Gor Mahia na AFC Leopards, ambalo Wakenya huliita la mashemeji kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana sana, lilisimama kwa muda katika uwanja wa Nyayo baada ya fujo za mashabiki. Chanzo siku ile kilikuwa kadi nyekundu, wala si mwalimu. Lakini hasira ya mashabiki haichagui chanzo. Shabiki asiye na mkutano wa kuhoji hesabu za klabu yake hulitoa dukuduku lake mahali penye lango na uzio, na pale anayemkabili ni askari mwenye rungu, ambaye hakumwajiri mwalimu wala hakula fedha za klabu.

Haifai kudhani, hata hivyo, kwamba kubadilisha mwalimu ni kosa daima. Msimu wa 2024/25 timu ya Polisi ya Kenya ilibadilisha mwalimu ligi ikiwa imekwisha kuanza. Ikamchukua Mrundi Étienne Ndayiragije, aliyewahi kuifundisha Taifa Stars, na ikatwaa ubingwa wa Kenya kwa mara ya kwanza katika historia yake. Gor Mahia nayo ilimwondoa mwalimu wake katika msimu huohuo, na taji halikuja. Ulinzi Stars, timu ya jeshi la Kenya iliyokuwa bingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, ina faida nyingine: mchezaji wake ni mwanajeshi, na mshahara wake hautegemei mapato ya mlangoni wala hisani ya mfadhili. Mwalimu wa timu ya namna hiyo akishindwa, inajulikana kwamba ameshindwa kazi ya ualimu. Kwa mwalimu wa Gor Mahia, mashabiki walioko langoni hawana njia ya kulijua hilo mpaka waonyeshwe daftari la hesabu.