Kuufuatilia Ukoo wa Mwanamke Mhamiaji Mskoti (Sehemu ya Pili)

Ugumu wa kuufuatilia ukoo wa mwanamke mhamiaji hutokana kwanza na mazoea ya waandishi wa zamani ya kumtambulisha kwa mwanamume aliye karibu naye, awe baba, mume au kaka. Wakazi wa kusini mwa Ziwa Viktoria wana mfano wa jirani. Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari Mskoti aliyezaliwa Rhynie mwaka 1849, alifariki Usambiro mwezi Februari 1890, na mwaka huohuo ulichapishwa wasifu wake ambao jalada lake lilimtaja mtunzi kuwa ni "dada yake" tu, ingawa mama huyo, Alexina Mackay Harrison, ndiye aliyezikusanya barua za marehemu na kuzihifadhia historia.

Mfano mpana zaidi ni wa Minnie Watson. Alizaliwa mwaka 1867 na kukulia Dundee, mji uliostawi kwa viwanda vya juti, yaani nyuzi za mmea kutoka Bengali zinazofumwa magunia, ambamo sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wanawake. Mwaka 1899 alisafiri hadi Mombasa, akaolewa na mmisionari Thomas Watson, na mumewe alipofariki mwaka 1900 yeye alibaki Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu, akijenga shule hadi aliporejea kwao mwaka 1931. Ndoa iliyodumu takriban mwaka mmoja ikampa jina alilolibeba mpaka kifo chake mwaka 1949, na kwa sababu hiyo mtafiti anayeanzia Kenya humkuta Watson kila mahali, ilhali ukoo anaoutafuta ni wa Cumming, jina alilozaliwa nalo Minnie.

Hapo ndipo utaratibu wa Uskoti unapostahili sifa. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo kikatakiwa kuonyesha majina ya baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo ambalo mama alizaliwa nalo. Cheti cha England cha enzi hizo hakikumtaja mama wa marehemu aliye mtu mzima. Kwa mtoto wa mwaka 1867, daftari la vizazi huonyesha hata saa aliyozaliwa, na vilevile tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa, kiasi kwamba ukurasa mmoja humfikisha mtafiti kwenye kizazi kilichotangulia. Mtafiti mwangalifu, kwa hiyo, huanza na kifo na kurudi nyuma, huku akikumbuka kwamba Minnie mara nyingi ni jina la mkato la Wilhelmina au Mary, na kwamba Waskoti wengi walikuwa na desturi ya kumpa binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama. Desturi hiyo ni dokezo tu wala si ushahidi, na wengi wamepotea njia kwa kuitegemea kupita kiasi.

Anayefanya kazi kama hiyo Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza kwenye barabara kuu ya Shinyanga, hana madaftari ya serikali ya umri huo, lakini hakosi pa kuanzia. Miongoni mwa Wasukuma mwanamke huweza kuitwa ng'wana, yaani mtoto wa fulani, likifuatiwa na jina la baba yake, hata akiwa na wajukuu. Na Misheni ya Bukumbi, iliyo upande huohuo wa jiji, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883. Daftari la ubatizo la Kanisa Katoliki huandika majina ya wazazi wote wawili na ya msimamizi, ambaye mara kwa mara huwa ndugu wa ukoo, kwa hiyo safu hiyo haifai kurukwa.

Sehemu ya tatu itaeleza orodha za abiria wa meli zilizotoka bandari za Uingereza kuanzia 1890 hadi 1960, na namna ya kuwatambua humo wanawake waliosafiri peke yao.