Baiskeli 32,000, Barabara Moja

Jumapili ya kwanza ya mwezi Mei, jua likiwa bado halijapanda juu ya maghorofa ya Manhattan, barabara za kusini mwa kisiwa hicho hufurika baiskeli. Zipo za mashindano zenye tairi nyembamba, za milimani zenye tairi pana, za kukunja, za watu wawili wanaokaa mbele na nyuma, hata zile zinazoendeshwa kwa mikono na watu wasioweza kutumia miguu. Kila aliyefika amefunga kofia ngumu na kubandika namba yake, anasubiri njia ifunguliwe.

Hiyo ndiyo Five Boro Bike Tour, safari ya baiskeli inayopita katika wilaya zote tano za jiji la New York: Manhattan, Bronx, Queens, Brooklyn na Staten Island. Urefu wake ni maili 40, yaani kilomita 64 hivi, na washiriki hufikia 32,000. Hakuna anayetangazwa mshindi. Kwa saa chache barabara zilizojengwa kwa ajili ya magari huwa mali ya watu wanaonyonga baiskeli, na wengi wao hawajawahi kuendesha katikati ya umati wa namna hiyo.

Safari hii ilianza kwa watu wachache. Tarehe 12 Juni 1977, waendesha baiskeli wapatao 250, wakiwemo wanafunzi wa sekondari, walifanya mzunguko wa kwanza uliopita wilaya zote tano. New York ya wakati huo ilikuwa taabani: miaka miwili nyuma ilikaribia kufilisika, na mwezi mmoja baada ya safari hiyo umeme ulikatika karibu jiji zima, maduka yakavunjwa na kuporwa. Hata hivyo wenyeji walikuwa wameanza kuzirudia barabara zao. Mwaka 1976 mbio za marathoni za jiji zilikuwa zimetoka ndani ya bustani ya Central Park na kupita wilaya zote tano kwa mara ya kwanza. Waendesha baiskeli nao wakataka nafasi yao, na mwaka uliofuata safari yao ya kwanza waliojitokeza walihesabiwa kwa maelfu.

Leo mwandaaji ni Bike New York, shirika lisilotengeneza faida. Ada za washiriki husaidia kugharimia masomo ya bure ya kuendesha baiskeli kwa watoto na watu wazima. Kwa hiyo anayelipia nafasi yake mwezi Mei huenda amemlipia mama wa makamo ajifunze baiskeli kwa mara ya kwanza maishani.

Njia inaanzia karibu na ncha ya kusini ya Manhattan na kupanda Sixth Avenue kuelekea kaskazini. Barabara hiyo ina historia yake. Mwaka 1980 Meya Ed Koch aliweka hapo njia ya baiskeli iliyotengwa kwa kingo, lakini lawama zikawa nyingi na kingo zikang'olewa kabla hata ya miezi michache kupita. Msafara hukata Central Park, huingia Harlem, huvuka daraja kuigusa Bronx, kisha hurudi Manhattan na kuteremka kwa FDR Drive, barabara ya kasi iliyo kando ya mto ambako siku nyingine baiskeli ni marufuku. Daraja la Queensboro, lililofunguliwa mwaka 1909, huwapeleka Queens, na kutoka hapo wanashuka Brooklyn.

Mtihani mkubwa uko mwisho. Daraja la Verrazzano-Narrows, lililofunguliwa mwaka 1964, limening'inizwa kwa nyaya nene, na sehemu yake ya kati pekee ina urefu wa mita 1,298. Halina njia ya waenda kwa miguu wala ya baiskeli, hivyo asiye na gari hupata nafasi ya kulivuka katika matukio maalumu kama haya tu. Lipo mbali, miguu imeshachoka, na mwinuko wake ni mrefu. Wapo wanaoshuka na kusukuma baiskeli, na hakuna wa kuwacheka. Wakishafika Staten Island, washiriki hurudi Manhattan kwa kivuko, ambacho hakitozi nauli siku yoyote ya mwaka.

Lakini ukiwauliza waliozoea safari za aina hii, watakwambia kwamba vilima si tatizo. Kazi ni kuendesha baiskeli huku umezungukwa na wageni mbele, nyuma, kushoto na kulia, kila mmoja akiwa na mwendo wake.

Hatari ya kwanza ni gurudumu lako la mbele kugusa la nyuma la mwenzako. Wa mbele huenda asihisi chochote. Wa nyuma ndiye anayekwenda chini. Baiskeli husimama wima kwa sababu mwendeshaji huurekebisha usukani kidogo kidogo kila wakati, huku na huku, bila hata kufikiri. Tairi la mbele likibanwa na tairi la mwingine, marekebisho hayo hayawezekani tena, na mtu huanguka ubavu. Katika umati, anayeanguka huwaangusha na wanaomfuata. Dawa yake ni kuacha nafasi na kutopachika gurudumu lako ubavuni mwa gurudumu la aliyetangulia.

Ya pili ni breki za ghafla. Mmoja akigusa breki kidogo, anayemfuata hubana zaidi, wa tatu zaidi tena, na hatua mia nyuma watu wanasimama kabisa bila kujua sababu. Ndiyo maana waandaaji huwaachilia washiriki kwa makundi yenye nafasi kati yao, ili madaraja na kona zisizibe. Hata hivyo foleni hutokea. Ikitokea, mwenye busara hutulia na kuweka mguu chini.

Sauti ndiyo taa ya breki ya baiskeli. "Napunguza!" "Nasimama!" "Shimo!" "Napita kushoto!" Marekani huendesha upande wa kulia, kwa hiyo wa polepole hukaa kulia na anayepita hupita kushoto. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ageuze kanuni hiyo. Wa Bukavu au Bujumbura aiache ilivyo. Aliyepata pancha huinua mkono, hupunguza mwendo taratibu na kutoka kabisa barabarani. Kusimama katikati ya njia ili kupiga picha ya daraja ni kuwaweka hatarini wote wanaokuja nyuma.

Maandalizi ni ya kawaida, ila hayana njia ya mkato: breki zinazoshika, tairi zilizojaa upepo, cheni iliyotiwa mafuta, tyubu ya akiba na pampu ndogo. Kofia ngumu ni lazima. Mabegi ya mgongoni yamepigwa marufuku tangu shambulio la mabomu katika marathoni ya Boston mwaka 2013, kwa hiyo chakula na vifaa hukaa mifukoni au kwenye kifuko kidogo.

Afrika nayo ina safari kubwa ya jinsi hii. Mwaka 1977 waendesha baiskeli wa Cape Town waliandamana kwa baiskeli wakidai njia zao, na mwaka 1978 likafuata shindano la kwanza la kuizunguka rasi, likiwa na washiriki 525. Sasa Cape Town Cycle Tour huvuta makumi ya maelfu, ingawa mwaka 2017 ililazimika kusimamishwa kwa sababu upepo ulikuwa ukiwanyang'anya watu baiskeli mikononi pale pale mwanzoni.

Kigali imechagua njia ya kwake. Tangu 2016 jiji hilo hufunga baadhi ya barabara kwa magari katika siku maalumu, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye Jumapili mbili. Watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli, na hupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Mwezi Septemba 2025 barabara za jiji hilo hilo zilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanyarwanda waliojipanga pembezoni kuwashangilia mabingwa walivijua vilima hivyo vizuri, kwa sababu wengi wao wamevipanda wenyewe asubuhi za Jumapili, bila kulipa ada na bila namba kifuani.