Kingamwili Isiyokinga: Jinsi Protini ya Mfereji wa Potasiamu Inavyotambuliwa Maabarani

Neno kingamwili hujieleza lenyewe: ni kitu kinachoukinga mwili. Maana hiyo yatosha tunapozungumzia maradhi na chanjo. Hata hivyo, katika maabara za utafiti zimo kingamwili zisizomkinga yeyote. Huuzwa katika vichupa vidogo, na kazi yake ni kuitafuta protini moja miongoni mwa maelfu na kuishika. Makala haya yananuia kuieleza kazi hiyo kwa kurejelea protini iitwayo hERG, kisha kugusia istilahi zetu.

hERG ni mfereji ulio kwenye utando wa seli za moyo. Katika kila pigo hupitisha ayoni za potasiamu kutoka ndani ya seli kwenda nje, ili seli itulie kabla ya pigo lifuatalo. Jina lake lina kisa. Mnamo mwaka wa 1969, William Kaplan na William Trout walieleza habari za nzi wa matunda waliotikisa miguu walipovutishwa etha. Jeni husika ikapewa jina la kukumbusha wacheza dansi wa vilabu vya enzi hiyo. (Kumbe wanasayansi nao wana utani!) Jeni ya binadamu iliyo jamaa ya hiyo ilielezwa mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata ikabainika kuwa kasoro zake huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kusababisha kifo cha ghafla.

Ili kuipata kingamwili, mtafiti huteua kipande kifupi cha protini, yaani mfuatano wa asidi za amino chache, akamdunga nacho sungura. Mwili wa sungura hukichukulia kipande hicho kuwa adui, ukaunda kingamwili ambazo baadaye hutolewa katika damu na kusafishwa.

Protini za seli nazo hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli, nyepesi zikitangulia na nzito zikichelewa, kisha huhamishiwa kwenye utando mwembamba unaoloweshwa katika kingamwili hiyo. Kingamwili ya pili, yenye alama ya kung'aa, huishika ile ya kwanza, na mistari ikaonekana. hERG aghalabu huonyesha mistari miwili: mmoja wa takriban kilodaltoni 135, mwingine 155. Ule mwepesi ni protini changa ambayo ingali ndani ya seli. Ule mzito ni protini iliyokwisha kuvishwa sukari zake zote na kuiva. Seli zenye jeni yenye kasoro zikionyesha mstari mwepesi pekee, mtafiti hupata fununu kwamba mfereji uliundwa lakini haukufika mahali pake.

Lakini je, mstari huo ni wa hERG kweli? Kingamwili haisomi protini nzima. Husoma kipande tu. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa, kwani akipewa neno kaa peke yake hawezi kujua kama ni mnyama wa pwani, kipande cha makaa au amri ya kuketi. Protini nyingine ikiwa na kipande kinachofanana na hicho, nayo itashikwa. Ndiyo maana kingamwili hupimwa pia kwa seli zilizoondolewa jeni husika: mstari ukizidi kuonekana pale pale, imeshika kisicho chake. Tatizo hili si dogo. Mwaka wa 2015, Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wenzao wengi, walitoa wito katika jarida la Nature kwamba kingamwili za utafiti zifafanuliwe kwa mfuatano wake wenyewe, wala si kwa jina la kichupa.

Tukirudi kwenye istilahi, wapo wanaopendelea antibodi. Kwa maoni yangu kingamwili libaki, kwa kuwa sungura alikuwa akijikinga kweli, ila kamusi ziongeze maana ya pili, ile ya kitambulishi. Kuhusu mfereji, huenda mtu akateta kwamba mfereji hukaa wazi daima ilhali hERG hufunguka na kufungika. Hapa Wakenya tumebahatika: maji ya mfereji kwetu ni maji ya bomba, na mfereji hufungwa.