Fahamu: Kibra na kura zake

Eneobunge la Kibra, Nairobi, lilimegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013. Lang'ata ilikuwa ya Raila Odinga tangu 1992. Alipohamia chama cha NDP sheria ilimvua kiti, wapiga kura wakamrudisha mapema 1997.

Ken Okoth wa ODM alishinda Kibra 2013 na 2017, akaelekeza fedha za maendeleo ya eneobunge (CDF) shuleni. Saratani ilimuua Julai 2019. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, Jubilee ilimsimamisha McDonald Mariga, mwanasoka aliyechezea Inter Milan. Imran Okoth, ndugu wa marehemu, alimbwaga kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230.

Mwaka 2022 alishinda Peter Orero. Kibra haijawahi kuchagua mbunge asiye wa ODM.