Papa Mweupe na Majarife ya Natal

Mwishoni mwa mwaka 1957 papa waliwashambulia waogaji mara kwa mara katika pwani ya Natal, nchini Afrika Kusini, na watu kadhaa wakapoteza maisha katika muda wa miezi michache. Watalii walikimbia. Wakuu wa wakati ule waliita jeshi la majini, na meli ikapelekwa kudondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji. Papa waliouawa walikuwa wachache. Samaki waliokufa wakawa chambo cha kuwaita papa wengine. Askari anayetusikiliza hahitaji kuelezwa zaidi kosa lilikuwa wapi.

Njia iliyoshika mizizi ni majarife. Durban ilikuwa imeyatega tangu mwaka 1952, na mwaka 1964 ikaundwa bodi maalumu ya kuyaeneza katika fukwe nyingine. Wengi hudhani kwamba jarife ni ukuta. La hasha. Lina urefu wa mita mia mbili na kidogo na kina cha mita sita hivi, na papa aweza kupita chini yake au pembeni. Kazi yake ni kuvua, ili papa wanaozunguka karibu na waogaji wapungue. Kwa kipimo hicho limefaulu, kwani mashambulio yalipungua sana. Lakini jarife halichagui: kasa, taa na pomboo hunaswa pia.

Aidha, mwaka 1991 Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumhifadhi papa mkubwa mweupe kwa sheria. Mvuvi akimuua ana kesi. Bodi ya majarife humnasa kwa kibali. Utata huo si mdogo, maana papa huyu, anayeweza kufikia urefu wa mita sita, hukawia mno kukomaa na huzaa watoto wachache, na pengo la mmoja halizibiki upesi.

Hapana shaka wanaoujua uzito wa jambo hili ni wakazi wa Gansbaai, katika jimbo la Rasi ya Magharibi. Kwa miaka mingi mji huo ulipata riziki kwa kuwateremsha wageni majini ndani ya vizimba ili wamtazame papa mweupe. Mwaka 2017 mizoga ya papa hao ilianza kutupwa ufukoni, ini limenyofolewa. Walioshukiwa ni nyangumi wauaji wawili, na tangu hapo papa weupe wameadimika huko. Wataalamu wamegawanyika. Wako wanaosema papa wamehama kwa kuwaogopa nyangumi. Wengine wanadai kwamba idadi yao inapungua, na wanalaumu uvuvi wa papa wadogo wanaowala, pamoja na majarife na ndoana za Natal.

Hoja hii ya pili haipuuziki. Papa mmoja jike aliyewekewa kifaa cha kumfuatilia huko Gansbaai mwaka 2003 alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia, akarudi kabla ya mwaka kutimia. Kwa kiumbe wa namna hiyo, Natal ni jirani tu. Anayenaswa huko aweza kuwa yuleyule anayesubiriwa na wenye mashua wa Gansbaai.