Wanawake wa Kwale na Njia Panda ya Urithi

Madai ya wanawake duniani hufanana, lakini vizuizi wanavyokutana navyo havifanani, na nadharia inayoieleza vizuri tofauti hiyo ni ile ya makutano ya dhuluma, ambayo mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw aliipa jina mwaka 1989. Miongoni mwa kesi alizozichambua ni ile ya wanawake weusi walioishitaki kampuni ya General Motors, ambamo mahakama iliamua mwaka 1976 kwamba walalamike ama kama wanawake ama kama watu weusi, si yote mawili kwa pamoja. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, ingawa wazungu, dhuluma yao haikupata mlango wa kuingilia.

Kusini mwa pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, makutano hayo yamo katika urithi. Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, walirithishana zamani kwa fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, mali ya mtu ikimwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Uislamu ulipoenea, sharia ilileta mafungu yaliyopimwa, ambapo binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni. Kisha zikaja hatimiliki za serikali, ambazo nchini Kenya ziliandikwa zaidi kwa majina ya wanaume. Kwa hiyo si kweli kwamba mila ilimfunga mwanamke na usasa ukamfungua: sharia ilimpa binti haki katika mali ya babake, kudhoofika kwa fuko kukampunguzia kimbilio la wajomba, na hatimiliki yenye jina la mwanamume mmoja ikaweza kumpokonya yote mawili.

Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliwasawazisha watoto wa kike na wa kiume, lakini Waislamu wengi waliipinga, na marekebisho ya mwaka 1990 yakawaondoa katika mgawanyo wake. India ilipita njia kama hiyo mwaka 1986, bunge lilipotunga sheria ya pekee ya talaka kwa Waislamu baada ya kesi ya Shah Bano, mwanamke Mwislamu aliyedai matunzo kutoka kwa mume aliyemtaliki. Hapo mwanamke hulazimishwa kuchagua kati ya jinsia yake na jamaa zake, uchaguzi ambao mwanamume haombwi kuufanya. Wanawake wa Moroko walijenga hoja zao ndani ya fikihi yenyewe, na sheria ya familia ya mwaka 2004 ikawafanya mume na mke wawajibike pamoja kwa nyumba yao, ijapokuwa urithi haukuguswa sana. Kwa Kwale, njia hiyo ya Moroko inaelekea kufaa zaidi kuliko ile ya kuwadai wanawake waiweke dini kando.

Hata hivyo, wapo ambao mjadala huo haukuwafikia kabisa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi bila uraia hadi walipofunga safari ya kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016 kuudai, wakatambuliwa. Kabla ya hapo, mwanamke wa jamii hiyo, akiwa hana kitambulisho, hakuweza kusajili hatimiliki wala hata laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, liwe fungu lake ni nusu au sawasawa.